Dari Iliyoanza Kuanguka Mwaka Juzi

Nikiingia kwenye nyumba iliyopata hasara, kitu cha kwanza ninachokitazama ni dari. Mwenye nyumba huwa ananieleza mlangoni jinsi ilivyokuwa, nami namsikiliza, lakini macho yangu yako juu. Bomba likipasuka darini usiku mmoja, doa linalobaki ni moja tu, pana, na rangi yake ni ileile kuanzia katikati hadi ukingoni. Paa linalovuja kwa misimu kadhaa linaacha alama nyingine kabisa. Mvua inanyesha, maji yanasambaa, yakikauka yanaacha mstari wa kahawia ukingoni. Mvua inayofuata inapita hapo inasogea mbele kidogo, nayo inaacha mstari wake. Mwishowe unaona duara nje ya duara. Pembeni pameota ukungu mweusi, na jipsamu ukiigusa kwa kidole inabonyea.

Kazi yangu ni kukadiria hasara. Kampuni ya bima ikipokea madai ya nyumba hunituma niende nikaangalie kilichoharibika, kimeharibiwa na nini, na kukirudisha kutagharimu kiasi gani. Naifanyia hapa Dar es Salaam, kwa hiyo msimu wangu wa jasho ni masika, Machi hadi Mei, halafu vuli ikikolea. Wenye nyumba wananiona mtu wa kampuni. Kampuni nazo, siku nyingine, zinaniona nimenunuliwa na wateja. Nimezoea.

Madai yanayoniumiza kichwa si ya moto mkubwa wala ya mafuriko. Yale mambo yake hujionesha yenyewe. Yanayoniumiza ni ya uharibifu ambao ungezuilika. Hapo ndipo mteja anaamini bima ipo kwa ajili hiyohiyo, na mkataba unasema haipo kwa ajili hiyo, na mimi nimekaa katikati nikiwa na tochi na daftari.

Nimtaje mama mmoja wa Tabata, mwalimu mstaafu. Usiku wa mvua kubwa dari ya sebule ilishuka yote, ikaangukia runinga, makochi na kabati la vyombo. Nilipofika asubuhi alikuwa tayari amefagia. Nilimwamkia, nikaomba ngazi, nikapanda. Papi mbili chini ya maungio ya mabati zilikuwa zimeoza kiasi kwamba nilipochoma bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Misumari ya bati ilikuwa imeliwa na kutu, mingine haina vichwa, na kwenye matundu yake ungeweza kuona mwanga. Halafu nikaiona ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 20, imewekwa vizuri juu ya mbao mbili, chini kabisa ya pale panapovuja. Ilikuwa imejaa hadi ikafurika.

Nikashuka nikamuuliza, "Mama, ile ndoo darini aliiweka nani?"

"Fundi aliiweka, mwaka juzi. Alisema itatusogeza mpaka tupate hela ya mabati."

Nikamweleza taratibu kwamba mkataba wake hauhusu kitu kinachooza kidogokidogo huku mwenyewe anajua. Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, dari imeanguka jana usiku. Wewe unaniambia ilianza kuanguka mwaka juzi?"

Ndiyo, hicho ndicho nilichokuwa namwambia, na sijawahi kusikia mtu akilieleza suala hili vizuri kuliko yeye. Niliandika nilichokiona, ndoo ikiwemo, na kampuni ikakataa kulipa. Alinipa chai hata hivyo.

Mikataba ya bima ya nyumba ambayo imepita mikononi mwangu, iwe ya kampuni hii au ile, ina ukurasa unaofanana: orodha ya mambo yasiyofidiwa. Uchakavu, kutu, kuoza, ukungu, mchwa na wadudu wengine, panya, nyufa za jengo kutulia kwenye udongo, ufundi mbovu, na uharibifu wowote unaokuja polepole. Mingi pia ina sharti kwamba mwenye bima atachukua tahadhari za kawaida na kuitunza nyumba katika hali nzuri. Ukurasa huo mara nyingi uko nyuma, kwa herufi ndogo, na kwa Kiingereza. Anayeuza bima haanzi na huo. Anaanza na moto, radi, wizi na mafuriko, na mteja anaondoka akijua ana bima ya nyumba.

Watu hudhani orodha hii ni ujanja wa kampuni za siku hizi. Ni ya zamani, na chimbuko lake ni meli. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, katika kifungu chake cha 55, inasema kwamba isipokuwa mkataba useme vingine, mwenye kutoa bima hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, kwa uvujaji wa kawaida, kwa ubovu uliomo ndani ya mali yenyewe, wala kwa hasara iliyoletwa na panya na wadudu. Panya wametajwa ndani ya sheria! Waliotunga walijua kila meli ina panya, na kitu ambacho kila mtu atakipata hakiwezi kugawanywa kati ya wachache watakaokipata na wengi watakaopona. Miaka 15 baadaye, mwaka 1921, majaji wa juu wa Uingereza walisikiliza shauri la shehena ya sufu iliyolowa njiani ikitoka Patagonia. Mwenye sufu alishinda, maana kulowa kule kulikuwa ni bahati mbaya. Lakini Jaji Sumner aliweka mpaka ambao wanasheria wa bima wanaurejea mpaka leo: bima, hata ile inayosema inakinga kila hatari, ni kwa ajili ya jambo linaloweza kutokea. Jambo ambalo lazima litokee halimo.

Mkazi wa Kigamboni anaielewa hoja hii bila jaji. Bati la kawaida likipigwa na upepo wa chumvi, kutu itakuja tu. Swali ni lini. Kampuni ikikubali kulipia kutu ya Kigamboni, itabidi imtoze kila mkazi wa Kigamboni bei ya paa jipya ndani ya ada, na hapo hakuna tena bima, mmeanzisha mfuko wa kubadilishia mabati.

Mchwa ni vivyo hivyo. Nimewahi kuingia nyumba ya Goba, fremu za milango zimepakwa rangi mpya zinang'aa, ukigonga kwa kifundo cha kidole zinalia tupu. Ndani hakuna mbao, kuna udongo. Mwenye nyumba alikuwa na mkataba mzuri wa bei ya juu na hakupata hata shilingi, kwa sababu mchwa wametajwa kwa jina. Dawa ya mchwa hupigwa kwenye msingi kabla ya zege kumwagwa, na ukiikosa pale, kila mwaka unamtafuta mtu wa kupuliza. Hakuna mkataba wa nyumba niliouona unaofidia mchwa.

Sasa nije upande ambao watu hawaujui, na kutoujua kumewagharimu kuliko mchwa.

Bima hailipi uzembe wa muda mrefu. Uzembe wa dakika moja inalipa. Hilo nalo ni la kale. Mwaka 1837, mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la Shaw na Robberds. Mtu alikuwa na ghala la nafaka lenye tanuri la kukaushia, akamruhusu mwingine akaushie magome ya miti humo bila malipo, moto ukatoka, kila kitu kikateketea. Kampuni ikasema ni uzembe wake. Mahakama ikasema alipwe: watu wanakata bima ya moto pamoja na mambo mengine kwa sababu binadamu ni mzembe, na kama kila kosa dogo lingemnyima mtu fidia, bima isingekuwa na kazi. Na kuhusu lile sharti la tahadhari za kawaida, mwaka 1967 Jaji Diplock katika Mahakama ya Rufani ya Uingereza alilieleza hivi: anayelivunja ni yule aliyeiona hatari kwa macho yake, akajua ni hatari, akaamua kutojali. Aliyesahau tu hajalivunja. Mahakama zetu zimelelewa katika mkondo huohuo wa sheria, na hukumu za namna hii husikika humo.

Ndiyo maana nilisikitika sana kwa baba mmoja wa Kinondoni. Chumba cha watoto kiliungua, na aliponipokea aliniambia kwa uthabiti kabisa, "Ni shoti ya umeme." Nikaingia. Soketi ya ukutani ilikuwa imeyeyuka kwa nje, lakini nyuma, ndani ya ukuta, waya ulikuwa mzima na plastiki yake safi. Shoti ingeanzia kule ndani. Ukuta ulikuwa mweusi zaidi upande wa kitanda. Nikafukua majivu ya godoro, na katikati ya springi nikakuta bamba la pasi, limejikunja kidogo. Waya wake ulielekea kwenye ile soketi.

Tukakaa nje kwenye mkeka. Nikamwambia, "Baba, nimeikuta pasi." Akanyamaza, kisha akasema. Dada wa kazi alikuwa anapiga pasi sare za shule juu ya kitanda. Umeme ukakatika. Akaiacha pasi palepale, akaenda sokoni. Umeme ukarudi nyumba haina mtu.

Hadithi hiyo, kama ilivyo, inalipwa. Ni moto, ni ajali, ni usahaulifu wa kawaida wa mji ambao umeme wake unakatika na kurudi unapotaka. Kilichotaka kumponza ni ile shoti ya kutunga, maana mikataba inasema madai yenye uongo ndani yake yanaweza kukataliwa yote, hata ile sehemu iliyo ya kweli. Alibadilisha maelezo yake kwa maandishi siku ileile, kabla sijaandika ripoti, na akalipwa. Wengine hawabadilishi. Wanaogopa ukweli uliokuwa upande wao.

Linganisha naye mwenye nyumba mwingine, simtaji mtaa, ambaye meni swichi yake ilikuwa inatoa cheche kwa miezi. Fundi alimwambia. Alimtumia hata ujumbe wa simu, na huo ujumbe ulikuwepo. Akaizungushia tepu nyeusi, ikachakaa, akazungushia nyingine juu yake. Moto ule pia ni ajali kwa maana moja. Lakini mahakama na kampuni zitauliza alichokuwa anakijua, na alikijua kwa maandishi. Mimi hapo sioni wa kumlaumu isipokuwa yeye.

Lakini neno uchakavu linapendwa mno na baadhi ya maofisa wa madai. Ukiona bomba lenye kutu, umeona sababu ya kukataa, umeandika barua, umefunga faili. Familia moja ya Kimara ilikwenda Moshi kula Krismasi, kama Wachaga wengi wafanyavyo Desemba ikifika. Nyuma yao, ule mpira mfupi wenye nyuzi za chuma unaopeleka maji kwenye sinki la jikoni ukapasuka. Maji yalitiririka mpaka jirani akayaona yakitoka chini ya mlango. Makabati ya jikoni yalikuwa yamevimba, milango haifungi, sakafu ya mbao ya sebuleni imejiinua katikati. Barua ya kampuni ilikuwa na aya mbili: mpira ulikuwa umechakaa, uchakavu haufidiwi, asante kwa kuendelea kuwa nasi.

Kusoma mkataba wenyewe kulitoa jibu tofauti. Ukurasa wa mbele ulisema unakinga hasara ya maji yanayotokana na kupasuka kwa mabomba na matangi. Ukurasa wa nyuma uliondoa uchakavu. Ukizisoma pamoja, maana yake ni hii: mpira wenyewe, kitu cha shilingi elfu kadhaa, jinunulie. Makabati na sakafu vililoweshwa na mpasuko wa ghafla, vilipwe. Kifungu cha uchakavu kingeweza kuandikwa kwa upana zaidi, na kipo kilichoandikwa hivyo kwenye mikataba mingine, lakini huu haukuwa huo. Na mkataba ukiwa na maneno yenye maana mbili, sheria humpa nafuu ambaye hakuuandika. Aidha, anayesema jambo fulani halimo kwenye bima ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Mteja anathibitisha kwamba mpira ulipasuka. Kampuni ndiyo ithibitishe uchakavu, na si kwa kutaja neno tu.

Familia ile ilishinda kwa sababu moja ndogo: baba alikuwa ameuweka ule mpira kwenye mfuko wa plastiki badala ya kuutupa. Ulikuwa umechanika upande mmoja, mchano safi, na kutu ilikuwa kwenye nati tu. Swali la nyumba kukaa bila mtu nalo liliibuka, maana mikataba mingi hupunguza kinga nyumba ikiwa tupu kwa siku 30 mfululizo. Wao walikuwa wameondoka kwa wiki mbili. Kampuni ikaandika barua nyingine, ndefu kidogo kuliko ya kwanza.

Kesi ngumu kweli ni zile ambazo sababu mbili zimekutana. Upepo unaezua paa, na kenchi zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nani kaezua? Hapo natoka nje natazama majirani. Kama mtaa mzima umeezuliwa, hata nyumba yenye mbao mpya, basi ni dhoruba, na mchwa walikuwa abiria tu. Kama paa ni hilo moja, na nguo za jirani bado ziko kwenye kamba, siwezi kuandika dhoruba. Kampuni zinaweza kuomba takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa za siku hiyo, na mteja naye anaweza kuziomba, jambo ambalo sijaona wengi wakilifanya. Sheria hutafuta ile sababu yenye nguvu iliyolisukuma jambo hadi likatokea, si lazima iwe ya mwisho kutokea. Wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana hapo, na nimetofautiana na wenzangu.

Mvua inayopita kwenye paa ni ugomvi wa kila masika. Mikataba mingi inalipa maji ya mvua yaliyoingia kupitia uwazi uliofunguliwa na dhoruba yenyewe: bati limeng'olewa, mti umeangukia vigae. Gata iliyojaa majani ya mwembe, maji yakarudi nyuma chini ya bati yakaingia darini, hiyo hailipwi, na kuisafisha kungemchukua kijana wa mtaani asubuhi moja.

Kuna na la fremu za biashara, nalo nalitaja haraka. Ukiikatia bima nyumba ya kuishi, halafu ukajenga fremu mbele ukampangisha muuza mitungi ya gesi au mchomelea mageti, umebadilisha hatari ambayo kampuni ilikubali kuibeba. Waarifu kwa maandishi. Wataongeza ada, utalalamika, lakini utakuwa na bima. Usipowaarifu una karatasi.

Mtu akiniuliza afanye nini, na jamaa huniuliza kwenye kila harusi, simwambii akawe fundi. Namwambia aweke ushahidi kwamba anaijali nyumba. Kila mwaka kabla ya masika mpandishe mtu juu ya paa na simu, apige picha za mabati, misumari na gata, kisha apige picha za darini. Risiti ya fundi, hata ya kuandikwa kwa mkono, itunze. Wa umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na nakala yake ibaki kwako. Siku nikija nikaona doa, picha ya mwaka jana isiyo na doa itasema zaidi ya kiapo.

Na hasara ikitokea, funga maji, zima meni swichi, tandaza turubai, okoa kinachookoleka. Mkataba wenyewe unakudai uzuie hasara isiongezeke, na ukikaa kuningoja huku mvua inaingia, nitalazimika kuikata sehemu hiyo. Piga picha kabla ya kugusa. Usitupe kitu kilichovunjika, hasa kile kilichoanza. Toa taarifa mapema. Usiongeze chumvi.

Barua ya kukataliwa ikija, isome itaje kifungu gani. Kama haikutaja, andika uulize kifungu na ushahidi. Kampuni ikishikilia msimamo, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na iko pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwenye nyumba anaweza kwenda mwenyewe bila wakili.

Yule mwalimu wa Tabata asingeshinda popote, na nisingemshauri apoteze nauli. Ile familia ya Kimara ingekubali barua ya kwanza, ingepoteza fidia ya jiko na sebule iliyokuwa haki yake. Mkataba wako, kama unao, uko kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Utoe, fungua kurasa za nyuma, mwombe wakala aliyekuuzia aketi akusomee kwa Kiswahili kifungu kimoja baada ya kingine, na umalize kabla ya Machi.